Yuda Makabayo na Sikukuu ya Kutabaruku

Katika nchi ya Uyahudi kilikuwako kijiji kiitwacho Modini, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Yerusalemu kwa mtu aelekeaye pwani. Humo alikaa kuhani mzee, jina lake Matathia, pamoja na wanawe watano: Yohana, Simoni, Yuda, Eleazari na Yonathani. Yule wa katikati, Yuda, alikuwa na jina la pili, Makabayo, na watu wengi husema kwamba maana yake ni nyundo. Mtu asiyezijua habari zake hawezi kuielewa sikukuu ya Wayahudi iitwayo Hanuka, yaani Sikukuu ya Kutabaruku.

Mambo haya yalitukia kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Basi msomaji akumbuke kwamba miaka ya nyakati hizo huhesabiwa kwa kushuka: mwaka wa 167 ulitangulia, na mwaka wa 160 ukafuata nyuma yake.

Siku zile Wayahudi hawakuwa na mfalme wao wenyewe. Iskanda Mkuu wa Makedonia alikuwa amezishinda nchi za mashariki hata mipaka ya Bara Hindi, naye alipokufa mwaka wa 323 majemadari wake waligombania milki yake na kuigawanya. Uyahudi ulitawaliwa kwanza na wafalme wa Misri, kisha na wafalme wa Shamu waliokaa katika mji wa Antiokia. Wafalme hao walitoza kodi, lakini kwa muda mrefu hawakuigusa dini ya Wayahudi. Hekalu lilisimama Yerusalemu, sadaka zilitolewa asubuhi na jioni, na taa za kinara cha dhahabu ziliwashwa kama Torati ilivyoagiza.

Mwaka wa 175 alitawazwa Antioko wa nne. Huyu alijiita Epifane, akitaka watu waamini kwamba mungu amedhihirika ndani yake. Alihitaji fedha nyingi kwa vita vyake, na katika siku zake cheo cha Kuhani Mkuu kikawa kitu cha kununuliwa na yule atoaye zaidi. Wala ubaya haukutoka ugenini peke yake. Palikuwa na wakuu wa Yerusalemu waliozitamani desturi za Wayunani. Wakajenga uwanja wa michezo kwa namna ya Kiyunani mjini, na yasemekana hata makuhani waliharakisha ibada ili wawahi kutazama mashindano. Hivyo nyumba ilikuwa imekwisha kupata ufa kabla adui hajaisukuma.

Mwaka wa 167 Antioko akatoa amri ambayo wafalme waliomtangulia hawakupata kuitoa. Aliwakataza Wayahudi kuishika Sabato. Aliwakataza kuwatahiri watoto wao. Vitabu vya Torati vilipoonekana vilipasuliwa na kuchomwa moto, na mtu aliyekutwa nacho aliuawa. Juu ya madhabahu kubwa ya Hekalu ilijengwa madhabahu nyingine ya mungu wa Wayunani aitwaye Zeu, na nguruwe, mnyama aliye najisi katika Torati, wakachinjwa mahali patakatifu. Siku sadaka hiyo ya kwanza ilipotolewa ilikuwa tarehe 25 ya mwezi wa Kisleu. Tarehe hiyo itatajwa tena.

Maofisa wa mfalme wakatumwa vijijini kuwalazimisha watu watoe sadaka kwa miungu ya Wayunani, nao wakafika Modini. Wakamwita Matathia mbele ya watu wote, kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima, wakamwahidi fedha, dhahabu na urafiki wa mfalme kama akitangulia yeye. Mzee akakataa, akasema kwa sauti kuu kwamba hata mataifa yote yakimtii mfalme, yeye na wanawe hawataliacha agano la baba zao. Alipokwisha kusema, Myahudi mmoja akajitokeza kutoa sadaka ile. Matathia akawaka kwa hasira, akamwua mtu yule juu ya madhabahu, akamwua na ofisa wa mfalme, akaibomoa madhabahu. Kisha akawaita wote wenye bidii kwa ajili ya Torati wamfuate, akakimbilia milimani pamoja na wanawe. Mali zao zote waliziacha kijijini.

Lilikuwa tendo la damu, na wa kwanza kufa alikuwa mtu wa taifa lake mwenyewe. Vitabu vya Wamakabayo vinamsifu Matathia kwa tendo hilo. Lakini asiyetaka kudanganyika atatambua kwamba vita ile, tangu siku yake ya kwanza, ilikuwa pia vita ya Wayahudi kwa Wayahudi.

Wengine waliokimbia walijificha katika mapango ya nyika. Askari wa mfalme wakawafuata wakawazingira siku ya Sabato. Wale watu hawakutupa jiwe hata moja wala hawakuziba njia za mapango, kwa kuwa walichelea kuivunja siku ya Bwana. Wakauawa wanaume, wanawake na watoto wapatao elfu. Habari hizo zilipofika milimani, Matathia na wenzake waliomboleza sana. Kisha wakafanya shauri gumu: mtu akija kuwapiga siku ya Sabato, watajitetea, maana kama wote wakifa hivyo, hatabaki mtu wa kuishika Sabato duniani.

Mwaka wa 166 Matathia akawa karibu na kufa. Akawaagiza wanawe wamsikilize Simoni katika mashauri, kwa kuwa ana hekima, na Yuda awe jemadari wao.

Yuda alikuwa na watu wachache, tena wenye silaha mbovu. Lakini alikuwa mwenyeji wa milima ile, alizijua njia zake nyembamba, mabonde yake na mahali penye maji. Adui alizoea kupigana uwandani, askari wake wamepangwa safu kwa safu na mikuki mirefu mbele. Safu za namna hiyo hazipiti penye magenge. Basi Yuda hakukubali kupigana mahali apendapo adui. Apolonio alipokuja na jeshi kutoka Samaria, Yuda alimshinda na kumwua, akautwaa upanga wake. Na tangu siku hiyo hata kufa kwake alipigana kwa upanga huo. Akaja Seroni, jemadari wa Shamu, akipanda mteremko wa Beth-horoni. Watu wa Yuda walipoliona jeshi lake walishikwa na hofu, maana walikuwa wachache na siku ile hawajala kitu. Yuda akawatia moyo, akawaambia kwamba kwa Mungu ni mamoja kuokoa kwa wengi au kwa wachache. Akawaangukia adui kwa ghafula, wakakimbia kuteremka mpaka nchi ya uwanda.

Sasa mfalme akakasirika. Yeye mwenyewe alikwenda Uajemi kutafuta fedha, akamwacha Lisia awaangamize Wayahudi. Lisia akatuma jeshi kubwa pamoja na majemadari Nikanori na Gorgia. Hesabu iliyoandikwa ni askari 40,000 wa miguu na wapanda farasi 7,000, ingawa wataalamu wengi huona kwamba mwandishi amezidisha. Wakapiga kambi karibu na Emau. Nyuma ya jeshi wakaja wafanya biashara wa nchi ile, wamebeba fedha, dhahabu na pingu, tayari kuwanunua Wayahudi wawe watumwa. Kwao vita ilikuwa imekwisha kabla haijapiganwa, na bei ilikuwa tayari.

Yuda akawakusanya watu wake Mispa, mahali panapoelekea Yerusalemu. Wakafunga, wakavaa magunia, wakakifungua kitabu cha Torati. Halafu Yuda akafanya jambo ambalo jemadari mwingine angeliliita wazimu. Torati imeagiza kwamba mwenye kujenga nyumba, mwenye kuposa mke, mwenye kupanda mizabibu, na mwenye hofu, warudi kwao wasiende vitani. Basi Yuda akawaruhusu wote wa namna hiyo waende zao, ingawa kila mkono ulihitajiwa. Kama wanapigania Torati, hawakuwa na haki ya kuiweka kando siku inapowatia hasara.

Usiku ule Gorgia aliondoka na askari 5,000 na wapanda farasi 1,000 wateule ili awashambulie Wayahudi usingizini. Yuda akapata habari. Akaiacha kambi yake tupu, akashuka gizani kuelekea Emau. Gorgia alipofika hakukuta mtu. Akadhani wamekimbia, akazunguka milimani akiwatafuta. Kulipokucha Yuda alikuwa amesimama mbele ya kambi ya Emau na watu 3,000, wasio na ngao wala panga za kutosha. Tarumbeta zikalia, wakaingia, na kambi ikavunjika. Watu walitaka kuteka nyara mara ile. Yuda akawazuia, akawakumbusha kwamba Gorgia yuko bado mlimani nyuma yao. Ndipo askari wa Gorgia wakachungulia kutoka juu, wakaona moshi wa kambi yao inayoungua, wakakimbia pasipo kupigana. Pingu za wafanya biashara hazikupata wa kuvaa.

Lisia alikuja yeye mwenyewe, wakapigana huko Bethsuri, kisha akarudi Antiokia kutafuta askari zaidi. Njia ya Yerusalemu ikawa wazi. Ilikuwa mwaka wa 164.

Jemadari mwingine angalimfuata Lisia, au angalijifanya mfalme. Yuda na ndugu zake walikata shauri kwanza kulisafisha Hekalu. Wakapanda mlima Sayuni, na walipoingia waliona malango yamechomwa moto, madhabahu imetiwa unajisi, na katika nyua za nyumba ya Mungu vichaka vimeota kama mwituni. Watu waliokwisha kuzoea vita wakararua mavazi yao, wakajitia majivu vichwani, wakalia.

Kazi haikuwa salama. Karibu na Hekalu palikuwa na ngome iitwayo Akra, nayo ilijaa askari wa mfalme. Yuda akaweka watu wa kupigana nao, ili wengine wafanye kazi. Akachagua makuhani wasio na lawama; wakayabeba mawe ya unajisi wakayatupa mahali pachafu. Lakini madhabahu ya zamani iliwatia mashaka. Ilikuwa takatifu, tena imenajisiwa: kuitumia ni vibaya, na kuitupa ni vibaya. Wakaibomoa, wakayaweka mawe yake mahali pa heshima juu ya mlima wa Hekalu, mpaka atakapotokea nabii wa kuwaambia yafanywe nini. Kisha wakatwaa mawe mazima yasiyochongwa, wakajenga madhabahu mpya. Wakatengeneza vyombo vipya, wakaingiza kinara cha taa, madhabahu ya uvumba na meza. Wakafukiza uvumba, wakaziwasha taa, zikaangaza ndani ya Hekalu.

Tarehe 25 ya Kisleu, siku ile ile ambayo miaka mitatu nyuma patakatifu palitiwa unajisi, waliamka alfajiri na mapema wakatoa sadaka juu ya madhabahu mpya, kwa nyimbo, vinanda, vinubi na matoazi. Sikukuu hiyo iliendelea siku 8. Kitabu cha pili cha Wamakabayo chaeleza kwamba waliifanya kwa mfano wa Sikukuu ya Vibanda, kwa maana muda si mrefu uliopita walikuwa wameipitisha sikukuu hiyo milimani na mapangoni kama wanyama wa mwitu. Yuda na ndugu zake na mkutano wote wakaagiza kwamba siku hizo zikumbukwe kila mwaka.

Vita haikukoma. Antioko alikufa Uajemi mwaka ule wa 164, lakini Lisia alirudi mwaka wa 162 na jeshi lenye ndovu wa vita. Eleazari, nduguye Yuda, aliona ndovu mmoja aliyevikwa kuliko wengine, akadhani mfalme yuko juu yake. Akapenya katikati ya askari, akaingia chini ya tumbo la mnyama, akamchoma mkuki, na ndovu akamwangukia akafa naye. Siku ile Wayahudi walishindwa. Walakini Lisia alipata habari za fitina huko Antiokia, akafanya amani kwa haraka, akawaruhusu Wayahudi kuishika Torati yao kama zamani. Hivyo haki ile waliyoipigania ilirudishwa kwa Wayahudi walipokuwa wameshindwa.

Mwaka wa 161 Nikanori alirudi akitisha kulichoma Hekalu, naye akauawa vitani tarehe 13 ya mwezi wa Adari. Ushindi huo ulikuwa mkubwa hata Wayahudi wakaamuru siku hiyo nayo iadhimishwe kila mwaka. Mwaka huo huo Yuda alituma wajumbe Rumi kufanya mapatano ya urafiki. Lakini mapatano hayo hayakumletea askari hata mmoja alipowahitaji.

Alipowahitaji ni mwaka wa 160. Jemadari Bakide alikuja na askari 20,000 wa miguu na wapanda farasi 2,000. Yuda alikuwa na watu 3,000 mahali paitwapo Elasa; nao walipouona wingi wa adui walitoroka mmoja mmoja, hata wakabaki 800. Hao waliobaki walimsihi arudi nyuma, waje kupigana siku nyingine pamoja na ndugu zao. Yuda akakataa kuwapa adui kisogo. Walipigana tangu asubuhi hata jioni. Yuda akauvunja upande wa kuume alipokuwa Bakide mwenyewe, akawafuata waliokimbia. Upande wa kushoto ukageuka ukamfuata yeye kwa nyuma. Hapo ndipo alipoanguka. Pengine wale 800 walikuwa na shauri jema kuliko lake, maana milima ile ile iliyomwokoa mara nyingi ilikuwa karibu. Ndugu zake Yonathani na Simoni waliuchukua mwili wake, wakamzika katika kaburi la baba zake huko Modini.

Yuda hakuiona nchi yake ikiwa huru, wala Akra haikutekwa siku zake. Yonathani alishika mahali pake, na baada yake Simoni. Katika siku za Simoni, mwaka wa 142, kodi ya wafalme wa Shamu iliondolewa, na mwaka uliofuata ngome ya Akra ikatolewa. Wote wawili, Yonathani na Simoni, waliuawa kwa hila.

Sikukuu ya Nikanori, siku ya kushangilia kifo cha adui, iliachwa kidogo kidogo na leo haifanywi. Ile ya kusafisha nyumba imedumu zaidi ya miaka 2,100. Wasomaji wa Injili wameipita, labda pasipo kujua, katika sura ya kumi ya Yohana, pasemapo kwamba Yesu alikuwa akitembea Hekaluni katika ukumbi wa Sulemani wakati wa baridi, nayo ilikuwa Sikukuu ya Kutabaruku. Mwaka wa 70 baada ya Kristo, Warumi walilibomoa Hekalu. Hapana tena madhabahu wala kinara cha dhahabu; basi taa ziliwaka nyumbani mwa watu.

Walimu wa Kiyahudi husimulia hadithi isiyomo katika vitabu vya Wamakabayo, iliyoandikwa miaka mamia baadaye. Yasemekana kwamba walipoingia Hekaluni mafuta yote yalikuwa yametiwa unajisi, isipokuwa chupa moja ndogo yenye muhuri wa Kuhani Mkuu, yatoshayo usiku mmoja tu; nayo yakawaka siku 8. Kwa ajili ya hadithi hiyo, Wayahudi wa leo hula vyakula vilivyokaangwa kwa mafuta: wengine maandazi ya mviringo yenye jemu ndani, wengine viazi vilivyokunwa na kukaangwa.

Sikukuu huanza jioni inayoikaribisha tarehe 25 ya Kisleu, nayo huangukia Novemba au Desemba, kwa kuwa miezi ya Wayahudi hufuata mwezi wa mbinguni. Kinara cha Hanuka kina mahali pa taa 8, na mahali pa tisa palipoinuliwa au kutengwa kidogo. Zamani palikuwa na mabishano kati ya walimu wa shule mbili. Wafuasi wa Shamai walitaka kuwasha taa 8 usiku wa kwanza na kupunguza moja kila usiku. Wafuasi wa Hileli walitaka kuanza na moja na kuongeza, kwa maana katika mambo matakatifu mtu hupanda, hashuki. Shauri la Hileli lilishinda. Taa ya tisa huitwa mtumishi, nayo ndiyo iwashayo zile nyingine. Si ruhusa kusoma, kushona wala kuhesabu fedha kwa mwanga wa zile 8. Ni za kutazamwa tu. Yule mtumishi ndiye amulikaye watu wakitaka mwanga.

Taa zikiwaka, watoto hucheza kwa pia ya pembe nne, yenye herufi moja ya Kiebrania kila upande, na dau lao ni karanga, peremende au senti. Herufi moja humpa mchezaji vyote, moja nusu, moja humwacha mikono mitupu, na moja humtoza. Herufi hizo ni za mwanzo wa maneno yasemayo kwamba muujiza mkubwa ulitokea kule. Katika nchi ya Israeli herufi moja imebadilishwa, ili maneno yaseme kwamba ulitokea hapa.

Sheria yaagiza kinara kiwekwe mlangoni, au dirishani panapoelekea njia, ili wapitao wakione. Hata maskini alaye kwa sadaka za watu hana budi kupata mafuta ya taa moja, ijapokuwa kwa kuuza vazi lake. Walakini walimu wa zamani walijua kwamba zitakuja tena siku kama zile za Antioko. Wakati wa hatari, walisema, mtu na aweke taa yake ndani, juu ya meza, na hiyo yamtosha. Wayahudi wa nchi nyingi wamelazimika kuifuata sheria hiyo, nao walifunga mlango, wakawasha.